Ubao wa Maria Theresia von Paradis (1759–1824)
Ubao wa aina hii, wenye vigingi vya maumbo mbalimbali, kila umbo likiwakilisha noti ya muziki, Johann Riedinger alimtengenezea Paradis wa Vienna, asiyeona tangu utotoni, ili atunge muziki kwa vidole. Tunauonyesha kwa sababu unajibu wanaodai kuwa kipaji chake cha pekee hakithibitishi lolote kuhusu wasioona wengine. Valentin Haüy alikutana naye Paris mwaka 1784, akavutiwa na mbinu zake za kutumia vidole. Mwaka 1785 akafungua shule ya vijana wasioona. Alichochukua Haüy kwa Paradis ni mbinu, na hiyo, tofauti na kipaji, hufundishika. Paradis naye alianzisha shule ya muziki Vienna mwaka 1808, akawafundisha wasichana kuimba na kupiga kinanda hadi alipofariki.