Lugha Iliyoondolewa Mezani: Historia ya Kujenga na Kusakinisha Python

Mwezi Machi mwaka 2022 kampuni ya Apple ilitoa toleo la 12.3 la macOS, mfumo endeshi wa kompyuta zake. Katika toleo hilo Python, lugha ya kuandikia programu iliyokuwa ikija ndani ya kompyuta hizo kwa takriban miaka 20, haikuwemo tena. Miezi michache kabla yake lugha ya PHP ilikuwa imeondolewa vivyo hivyo. Kampuni ilikuwa imetoa ilani tangu mwaka 2019 kwamba lugha za aina hiyo zimo kwa ajili ya programu za zamani, na kwamba matoleo yajayo hayatakuwa nazo. Sababu ya kiufundi ilikuwepo. Python iliyoondolewa ilikuwa ya 2.7, ambayo walezi wake walikoma kuihudumia tarehe 1 Januari 2020, na programu isiyohudumiwa ni mlango wazi kwa wahalifu.

Siibishii sababu hiyo. Ninachotaka kukijadili katika makala haya ni historia iliyo nyuma yake, kwa kuwa ni historia ya kisiasa ingawa wahusika wake ni mafundi. Inahusu swali hili: mtu anaponunua kompyuta, je, ananunua karakana, au ananunua bidhaa iliyotoka katika karakana ya mwingine?

Tuanze na enzi ambapo kompyuta ilikuwa karakana. Tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz waliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyoandikwa kwa lugha waliyoibuni na kuiita BASIC. Nia yao ilikuwa kila mwanafunzi, hata asiyesoma sayansi, aweze kuiamuru mashine. Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani zaidi ya muongo mmoja baadaye, BASIC iliingia nazo. Apple II ya mwaka 1977, IBM PC ya mwaka 1981 na Commodore 64 ya mwaka 1982 zote zilikuja na BASIC ndani ya kumbukumbu yao ya kudumu. Mwenye Commodore 64 alipoiwasha, mashine ilimwambia kwa neno moja la Kiingereza kwamba ipo tayari, kisha ikamsubiri aandike amri. Hapakuwa na cha kusakinisha.

Hali hiyo haikudumu. MS-DOS 5 ya mwaka 1991 ilikuja na QBasic, lakini Windows XP ilipotoka mwaka 2001 haikuwa nayo. Windows ilibaki na zana zake za kuandikia amri, kama Windows Script Host na baadaye PowerShell, ila mtumiaji wa kawaida hakuelekezwa kwazo. Skrini ya kwanza ilimwonesha picha za kubofya, na kazi yake ikawa kuchagua miongoni mwa yale yaliyokwisha kuandaliwa.

Kwetu Tanzania tarehe hizo zina uzito wa pekee. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa polepole hadi kufikia miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wetu tulikutana na kompyuta ya mezani wakati karakana ilikuwa ikifungwa na duka likifunguliwa. Tulifundishwa kuandika barua na kujaza majedwali. Ndiyo maana hata leo, katika ofisi nyingi, "kujua kompyuta" maana yake ni kujua kutumia programu zilizotengenezwa na mtu mwingine.

Python ilizaliwa nje ya biashara hiyo. Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam, alianza kuiandika wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989. Tarehe 20 Februari 1991 aliisambaza kwa umma kupitia Usenet. Alichokisambaza kilikuwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya lugha ya C ambayo mpokeaji alipaswa kuyajenga mwenyewe katika mashine yake. Ndivyo programu nyingi huria zilivyosafiri enzi hizo, kwa sababu mashine zilitofautiana mno, na hakuna ambaye angeweza kumtengenezea kila mtu ya kwake.

Utaratibu wa kuijenga, kama ulivyo leo katika Linux na macOS, una hatua tatu. Kwanza skripti iitwayo configure huikagua mashine: kuna kompaila gani, kuna maktaba zipi, mfumo endeshi huu una desturi gani. Kisha make, programu iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, husoma orodha ya kazi na kuiita kompaila igeuze faili za C kuwa maagizo ambayo prosesa inayaelewa. Mwisho, amri ya make install hunakili matokeo hadi mahali yanapotakiwa kukaa.

Kwa maelezo hayo kazi inaonekana nyepesi, lakini ndani yake mna mafunzo ambayo sijayaona yakitolewa vizuri zaidi darasani. Chukua mfano wa OpenSSL, maktaba ya mawasiliano ya siri. Ikikosekana, ujenzi haukomi. Humalizika kana kwamba mambo ni shwari, ukiacha karibu na mwisho orodha fupi ya moduli zilizoshindikana, ambayo jicho la haraka huipita. Baadaye mwanafunzi anataka kupakua kifurushi kwa kutumia pip, nayo inashindwa, kwa kuwa haiwezi kuzungumza na seva kwa njia salama. Akirudi nyuma na kutafuta chanzo cha tatizo, anagundua kwamba lugha aliyodhani ni kitu kimoja ni muungano wa kazi za watu wengi wasiofahamiana, na kwamba kila maktaba ina mlezi wake, leseni yake na udhaifu wake.

Hatua ya tatu nayo ina funzo lake. Nyaraka za Python zinashauri kutumia make altinstall badala ya make install, ili Python mpya isikalie kiti cha ile iliyokwisha kuwepo. Katika Linux shauri hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa sehemu nyingi za mfumo endeshi zinaitegemea Python yake yenyewe, na akiiharibu mtumiaji ameuharibu mfumo. Hapo anajifunza kwamba ndani ya kompyuta moja mnaweza kuwa na Python mbili zenye mabwana wawili: moja ni ya mfumo, nyingine ni yake.

Haya yote yanadai kitu kimoja ambacho leseni huria haiwezi kukitoa: kompaila. Msimbo chanzo bila kompaila ni mbegu bila jembe. Watengenezaji wa mifumo walilijua hilo mapema. Sun Microsystems ilipotoa Solaris 2 mwaka 1992, iliitoa kompaila ya C katika mfumo wake na kuiuza peke yake. Wengi waliokataa kulipa walikimbilia GCC, kompaila huria ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 chini ya mradi wa GNU. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Stallman alikuwa ameliona jambo hilo miaka mitano kabla.

Leo kompaila hazikosekani, lakini njia ya kuzifikia imebadilika. Katika macOS mpya, ukiandika python3 kwenye mashine isiyo nayo, mfumo unakualika upakue zana za wasanidi kutoka Apple. Katika Windows 10, tangu sasisho la Mei 2019, ukiandika python unafunguliwa ukurasa wa duka la Microsoft. Ni msaada wa kweli, na mwanafunzi anayeanza huokoa muda mwingi. Hata hivyo tuone kilichotokea: karakana imerudi mezani, ila mlango wake sasa uko ndani ya duka, na mwenye duka ndiye anayeamua uwe wazi hadi lini.

Kuna pia suala la bando. Kisakinishi cha Python cha Windows ni makumi machache ya megabaiti. Kuijenga Python hiyohiyo kutoka msimbo chanzo ndani ya Windows kunadai zana za Visual Studio, ambazo ni gigabaiti kadhaa. Kwa mwanafunzi anayenunua intaneti kwa siku, pengo hilo ndilo linaloamua nani atakuwa fundi na nani atabaki mteja. Haki ya kuujenga msimbo imeandikwa katika leseni kwa usawa kwa watu wote, lakini gharama ya kuitumia haijagawanywa kwa usawa.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini mtu ajisumbue kujenga kilicho tayari? Jibu langu ni kwamba kusakinisha kilicho tayari ni kumwamini aliyekijenga. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson alionesha jinsi kompaila inavyoweza kupandikizwa hila ambayo haionekani popote katika msimbo chanzo. Miaka 40 baadaye onyo hilo lilipata mfano wake. Tarehe 29 Machi 2024 ilitangazwa kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data inayotumika kote katika Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Sehemu ya kuuamsha mtego aliificha katika hatua ya ujenzi, ndani ya kifurushi cha toleo, wala haikuwemo katika hazina ya wazi ambayo watu huikagua. Aliyeugundua, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akaamua kufuatilia.

Kisa hicho kinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kujenga mwenyewe hakukupi uhakika kamili, kwa kuwa hatua ya ujenzi yenyewe inaweza kutegwa. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba usalama wa mashine nyingi mno uliokolewa na mtu mmoja aliyekuwa na msimbo, zana na mazoea ya kuchungulia ndani. Jamii isiyo na watu wa namna hiyo itasubiri kuambiwa na wengine.

Kwa watumishi wa umma wanaosaini mikataba ya mifumo ya kompyuta, napendekeza swali moja liongezwe mezani: je, wataalamu wetu wanaweza kuujenga mfumo huu kutoka msimbo chanzo, katika mashine zetu, mzabuni akiwa hayupo? Na wakijibu kwamba wanaweza, waombwe waujenge kabla ya malipo ya mwisho. Kwa wanaharakati wa haki za kidijitali, ningeomba haki ya kusakinisha katika maabara za vyuo ipewe nafasi sawa na bei ya intaneti.

Kwa wanafunzi, kuna jambo la kufanya hata pale ambapo maabara haikupi mamlaka ya msimamizi. Katika Linux yenye kompaila, configure inakubali kuelekezwa kwenye folda yako mwenyewe kwa chaguo la --prefix, na Python itajengwa na kusakinishwa humo bila ruhusa ya mtu. Ijenge mara moja. Ikimaliza, usikimbilie kuandika programu. Soma kwanza orodha ya moduli zilizoshindikana, uliza kila moja inahitaji nini na nani anaitengeneza. Mjadala uendelee.