Habari ya kutungwa: toka Katanga ya 1961 mpaka tovuti za akili bandia

Tarehe 10 Februari 1961, serikali ya Katanga kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilitangaza kwamba Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wametoroka kifungoni. Siku tatu nyuma yake, waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akasema wanakijiji wamewaua. Kijiji gani? Alikataa kukitaja. Makaburi yako wapi? Hakusema.

Habari ile ilikuwa na majina, tarehe na sauti ya mkubwa. Kitu kimoja kilikosekana: mahali ambapo mtu angeweza kwenda kuuliza. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, tume ya Umoja wa Mataifa ilikataa maelezo hayo. Mwaka wa 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilihakikisha kwamba watu hao watatu walipigwa risasi tarehe 17 Januari 1961, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Siku ya kutangazwa “kutoroka”, walikuwa wamekwisha kufa siku 24.

Leo uongo hauna tena lazima ya waziri. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Kufikia Mei 2023, shirika la NewsGuard la Marekani lilikuwa limekwisha kutambua tovuti 49 za habari zilizoandikwa karibu zote na mashine. Nyingi zilijisaliti zenyewe: ndani ya habari mlibaki maneno ya mashine ikisema kwamba yenyewe ni akili bandia na haiwezi kujibu.

Makosa ya namna hiyo ni rahisi kufuta. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi kuwa alama. Kifaransa safi si ushahidi wa ukweli, na kosa la herufi si ushahidi wa uongo; hata mwandishi wa kweli wa Kamina hukosea. Maswali ya 1961 ndiyo yanabaki: Ni wapi hasa? Nani ameandika, na anapatikana wapi? Ni redio gani nyingine imethibitisha?

Kwa jamaa zilizokimbia vita, maswali haya ni ya uzima. Tovuti ikiandika kwamba amani imerudi upande wa Malemba-Nkulu, bila kutaja kijiji wala chefu aliyesema, familia isifunge mizigo. Iulize kwanza watu waliotoka huko, chefu wa kijiji, na redio ya hapa.

Vilevile tovuti inayoandikisha watu kwa ajili ya msaada ikidai pesa au namba ya siri ya simu, iachwe mara moja. Msaada wa PAM na wa HCR haulipiwi. Kabla ya kutoa jina la mtoto hata mmoja, kamati ya wakimbizi wa ndani iulizwe kama inaijua orodha hiyo.

Mwaka wa 1961 waandishi walimwuliza Munongo jina la kijiji, naye akakataa kulitaja. Tovuti nayo iulizwe vilevile.