Ubovu Wenye Historia: Magari Makuukuu na Gereji za Bukoto

Anayepita Bukoto, kati ya Kamwokya, Ntinda na Kisaasi, hakosi kuona gari lililofunguliwa boneti kando ya barabara. Fundi yuko chini ya gari, amelalia kipande cha boksi. Mwenye gari amesimama pembeni, anapiga simu kuomba fedha za kuongezea. Watu wengi hulimaliza jambo hili kwa lawama: fundi ni mwizi, au mwenye gari ni bahili. Insha hii inashikilia kwamba lawama hizo hazitoshi. Ubovu wa magari ya Kampala una historia, na historia hiyo ni pana kuliko ugomvi wa watu wawili.

Tuanze na mwaka 1972. Mwezi Agosti mwaka huo, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku 90. Sehemu kubwa ya biashara nchini ilikuwa mikononi mwao, yakiwemo maduka ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Maduka hayo yaligawiwa watu wengine, wengi wao wanajeshi na marafiki wa serikali, ambao hawakuwa na uzoefu wa kuagiza mali wala mtandao wa wauzaji wa ng'ambo. Fedha za kigeni nazo zilipungua. Bidhaa zikaadimika, na vipuri vya magari vikawa miongoni mwake.

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu za wakati huo. Biashara ya njia za panya iliitwa magendo, na waliotajirika ghafla waliitwa "mafuta mingi". Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba sarufi ingetaka "mafuta mengi". Lakini kosa hilo lenyewe ni ushahidi: ni Kiswahili cha kambini na sokoni, kilichosemwa na watu waliokitumia kwa haja ya siku.

Katika uhaba huo, gari lililoharibika halikuwa na njia ya kurudi kiwandani. Ilibidi gari moja lichinjwe ili jingine liishi. Mafundi wa Kampala walizoea kuchonga, kuchomelea na kubadilisha kipuri cha gari hili kiingie katika gari lile, na Katwe ikajulikana kwa kazi za chuma za namna hiyo. Kwa hiyo, ufundi wa kubahatisha ambao leo tunaucheka ulikuwa akili ya kuokoa jahazi.

Baada ya vita kwisha Kampala mwaka 1986, uchumi ulianza kufunguliwa. Mwaka 1987 ilitolewa shilingi mpya, moja kwa mia za zamani. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha za kigeni, na mfanyabiashara wa kawaida akaweza kupata dola bila kuomba kibali cha mkubwa. Hapo ndipo mlango wa magari ya mtumba kutoka Japani ulipofunguka. Toyota HiAce zikajaa kama teksi, na watu wakaziita kamunye, jina la ndege mwewe kwa Kiganda.

Kwa nini Japani? Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani uko mahali panapotufaa. Pili, sheria yao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Kadiri gari linavyozeeka, ndivyo mwenyewe anavyoona heri aliuze. Kwa maneno mengine, gari linatufikia kupitia Mombasa au Dar es Salaam pale matengenezo yake yanapoanza kuwa mzigo. Mzigo haukutupwa, umehamishiwa Bukoto.

Hapa ndipo ugomvi wa gereji unapoeleweka. Mara nyingi kipuri kinachonunuliwa nacho ni cha mtumba, kimetolewa katika gari jingine kuukuu. Fundi asiye na kompyuta ya kupimia hubadilisha kitu kimoja, hujaribu, hubadilisha kingine. Kila jaribio hulipwa na mwenye gari. Gari likizima tena baada ya wiki moja, hakuna ajuaye kama kosa ni la fundi, la muuza spea, au la kipuri chenyewe. Udanganyifu upo, hilo halikatazwi. Lakini hata fundi mwaminifu huonekana mwongo katika mazingira haya.

Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lengo la kupunguza moshi na ajali ni jema. Hata hivyo, sheria hiyo ilihusu mlangoni tu. Magari yaliyokwisha kuingia yalibaki barabarani, na mtu asiyeweza kumudu gari jipya zaidi ana kila sababu ya kulikarabati lile alilo nalo. Hivyo kazi ya fundi wa Bukoto haikupungua.

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme, Kiira EV, nasi tulijivunia. Lakini ufa wetu uko gereji: mafundi wasio na vifaa vya kupimia, na vipuri visivyo na dhamana. Maarifa ya chuo yakishuka kilima hadi kwa fundi aliyelalia boksi, yatawafaa watu wengi kabla gari la umeme halijawafikia.