Kalamu za mbao: jinsi ya kuziba nyufa na matundu kabla kipande hakijapasuka

Bonde la Kilombero mkoani Morogoro ni la mpunga na miwa, lakini pia ni la mbao. Kampuni ya Kilombero Valley Teak imekuwa ikipanda mitiki huko tangu miaka ya 1990, na karakana za samani zipo Ifakara kama ilivyo kwenye miji mingine. Kwa anayekereza kalamu, mabaki ya karakana hizo ni mali: kipande cha sentimita 13 kinatosha kalamu moja.

Shida ni kwamba mabaki mara nyingi yana ufa, jicho la tawi au tundu la mdudu. Mengi yanazibika. Ila kuna jambo la kuangalia kabla hata ya kushika gundi.

Ukavu kwanza, gundi baadaye

Mbao hupasuka kwa sababu nje hukauka na kusinyaa haraka kuliko ndani. Ndani ya kalamu huwekwa kibomba cha shaba, na shaba haisinyai. Kalamu iliyokerezwa Ifakara wakati wa masika kwa mbao yenye unyevu, ikifika Dodoma kwenye hewa kavu, mbao inajibana juu ya shaba, inakosa pa kwenda, inaachia. Gundi yoyote iliyowekwa juu haitazuia hilo. Mteja ndiye atakayeuona ufa.

Kipimo rahisi ni mizani ndogo ya jikoni. Kipande kipakwe nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, kiwekwe kivulini penye hewa, kisha kipimwe kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Mpingo unahitaji uvumilivu zaidi maana hukauka polepole mno.

Ufa gani unazibika?

Kipande kifutwe kwa spiriti. Inapokauka, ufa hubaki na mstari wa unyevu na kujionyesha.

• Ufa mwembamba usiofika upande wa pili: unazibika.
• Tundu la mdudu au jicho gumu: linazibika.
• Ufa unaopita mwanzo hadi mwisho, au mbao iliyooza na kuwa laini: kipande hicho ni cha jikoni. Kikifungwa kwenye mashine kinaweza kuruka na kumpiga fundi usoni.

Gundi ipi kwa ufa upi

Ufa kama unywele: supaglu nyepesi. Inajipenyeza yenyewe mpaka ndani. Hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, kwa hiyo kwenye hewa ya unyevunyevu kama ya Ifakara inashika upesi sana.

Tundu dogo: unga wa mbao ileile uliotokana na msasa, ushindiliwe ndani, kisha matone ya supaglu. Ni vizuri kwenda tabaka kwa tabaka. Ukijaza tundu lote kwa mkupuo, gundi hupata joto, hutoa povu jeupe, na ndani hubaki laini. Unga uliolowa gundi huwa mweusi kuliko mbao yenyewe, hivyo ujaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kwa mpingo, unga wa mkaa unafanya kazi vizuri.

Tundu kubwa zaidi ya milimita 3: epoksi, ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, halafu iachwe hadi kesho yake. Anayetaka pambo anaweza kuchanganya na unga wa shaba unaodondoka kwa wachonga funguo. Badala ya kuficha kasoro, inakuwa mstari wa dhahabu.

Mtiki na mpingo vina mafuta yanayofukuza gundi. Sehemu ya kuziba ifutwe kwa thina au asitoni na kuachwa ikauke kabla ya kutia chochote.

Kuziba mara mbili

Kalamu nyembamba ya kawaida hutobolewa kwa keekee ya milimita 7, na ikiisha, mbao inayobaki kwenye ncha haifiki hata milimita moja. Ndiyo maana ufa wa juu unaweza kuondoka wote na maranda, na tundu lililojificha likatokea mwishoni. Fundi makini huziba tundu kubwa kabla ya kutoboa, halafu husimamisha mashine karibu na saizi ya mwisho, anakagua na kuziba tena.

Tundu likifika hadi kwenye shaba, mng'ao wa kibomba utaonekana. Dawa yake ni kukipaka kibomba rangi inayofanana na mbao kabla ya kukigundisha.

Joto nalo ni adui, hasa kwa mpingo. Keekee iende polepole, itolewe mara kwa mara kumwaga unga, na msasa usikandamizwe. Mbao ikianza kuwa ya moto mkononi, mashine isimamishwe.

Usalama

Miwani na barakoa ni lazima: vumbi la mtiki na mpingo huwasha ngozi na kifua, na mvuke wa supaglu hukera macho. Mikono mirefu iliyolegea ikunjwe. Supaglu isifutwe kwa pamba au kitambaa cha pamba, kwani vikikutana hupata joto kali ghafla na vinaweza kuunguza vidole. Karatasi ya tishu inatosha.

Na kama kalamu imezibwa, mnunuzi aambiwe. Kiraka kizuri hakina aibu, lakini akija kukigundua mwenyewe baada ya kulipa, harudi tena.