Gemu ya Mogadishu na barabara ya Maji ya Chai

Mwaka 1998 kampuni ya NovaLogic ya Marekani ilitoa gemu ya kompyuta iitwayo Delta Force. Mchezaji aliiona vita kwa macho ya askari mwenyewe, na aliingia humo na kikosi. Gemu nyingi za wakati ule zilimfungia mtu kwenye korido. Hii ilimtupa vilimani na jangwani, akamlenga adui aliye mamia ya mita mbele yake. Mara nyingi risasi moja ilitosha, iwe yako au yake. Vilima hivyo vilichorwa kwa vokseli, ufundi uliotegemea prosesa badala ya kadi ya picha. Ukikaribia kitu kiligeuka vipande vya mraba, lakini gemu ilikubali hata kompyuta ya kawaida, na kwa Tanzania, iliyokuwa ikipokea kompyuta za mtumba, hilo halikuwa jambo dogo.

Machi 2003 likaja toleo la Black Hawk Down, na safari hii uwanja wa vita ulikuwa karibu na kwetu, Somalia. Lilitokana na mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 3 na 4, 1993, makomando wa Marekani walipokwenda kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Kisomali. Helikopta mbili zikaangushwa, Wamarekani 18 wakauawa, na Wasomali wakafa kwa mamia. Mark Bowden aliandika kitabu, Ridley Scott akatengeneza filamu mwaka 2001, tena akaipigia picha Morocco, kisha gemu ikafuata.

Kwa ufundi, gemu hiyo inastahili sifa. Unakaa mlangoni mwa helikopta na bunduki kubwa, unasindikiza msafara, unapenya vichochoro. Lakini mara nyingi Msomali humo ni shabaha tu, hana jina wala duka. Kijana wa Arusha, ambaye huenda alinunua sukari asubuhi kwa Msomali wa mtaani kwao, alimaliza misheni zote akiwa Mmarekani. Hakuwekewa upande mwingine.

Kisichokuwamo kabisa ni kilichofuata, nacho kinatuhusu zaidi. Agosti 4, 1993, miezi miwili kabla ya mapigano hayo, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba wao wa amani hapa Arusha. Oktoba 5, helikopta zikiwa zimeanguka juzi yake, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha UNAMIR, kikosi cha kuusimamia mkataba huo. Kilizaliwa siku mbaya. Marekani ilikuwa imeona miili ya askari wake ikiburutwa mitaani, na hamu ya kujitia katika vita vya Afrika ilikuwa imeiisha. Machi 1994 majeshi yake yakaondoka Somalia. Aprili mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na tarehe 21 ya mwezi huo Baraza lile lile likaamua UNAMIR ipunguzwe hadi watu 270 hivi.

Novemba 1994 ikaundwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ikawekwa Arusha, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Jaji au wakili aliyetua kwenye uwanja wa ndege wa KIA alipita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River kabla ya kuufikia mji. Gemu ilipotoka, mahakama ilikuwa katikati ya kazi. Aliyeicheza pale Maji ya Chai akiifukuzia misheni ya mwisho, matokeo ya vita ile yalikuwa yakipita barabarani nje, ndani ya magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Mahakama ilifungwa Desemba 31, 2015, ikiwa imewashtaki watu 93.

NovaLogic nayo haipo tena. Majina ya gemu zake yalinunuliwa na THQ Nordic mwaka 2016. Februari 2025 Black Hawk Down ikarudi, imesukwa upya na watu wa Tencent ya China, ya bure, wachezaji hadi wanne wakiingia kama kikosi kimoja. Mogadishu yake sasa inang'aa kuliko ya filamu. Askari unaopewa ni Wamarekani, kama mwaka 2003.