Baiskeli nyepesi za matairi manene: zinavyoundwa na zinavyoshindanishwa

MVUA za masika zinyeshapo Waithaka, udongo mwekundu wa vichochoro hugeuka utelezi. Mwendesha baiskeli anayetoka nyumbani kuelekea barabara kuu huona gurudumu likizama, na mara nyingi humlazimu ashuke na kuibeba baiskeli ambayo ilipaswa kumbeba yeye.

Tatizo hilo si la Waithaka peke yake. Wakazi wa jangwa na wa nchi za theluji wamelikabili kwa miaka mingi, na mojawapo ya majibu waliyopata ni baiskeli ya matairi manene. Baiskeli ya aina hiyo huwa na matairi yenye upana wa inchi 3.8 au zaidi, yaani takriban milimita 97, ilhali tairi la kawaida la baiskeli ya milimani huwa na upana wa inchi mbili hivi. Rimu zake nazo ni pana, nyingi zikiwa kati ya milimita 65 na 100.

Makala haya yanaeleza chimbuko la baiskeli hizo, namna zinavyopunguzwa uzito, mashindano yake, na nafasi ya fundi na kijana wa magharibi mwa Nairobi katika mchezo huu.

Chimbuko lake

Katika miaka ya 1980, Mfaransa Jean Naud alivuka sehemu ya jangwa la Sahara kwa baiskeli iliyofungwa matairi mapana ya kampuni ya Michelin. Karibu na wakati huo huo, kule Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, wapenzi wa baiskeli walianza kushindana juu ya theluji. Mashindano ya kwanza ya Iditabike yalifanyika mwaka 1987 katika njia ya Iditarod, ambayo huvuma kwa mbio za magari ya theluji yanayovutwa na mbwa.

Washindani hao hawakuwa na vifaa maalumu. Mafundi wa Alaska walichukua rimu mbili za kawaida, wakazilehemu ubavu kwa ubavu, wakapata rimu moja pana. Baadaye Simon Rakower wa mji wa Fairbanks alitengeneza rimu za milimita 44 zilizojulikana kama SnowCat. Huko New Mexico, Ray Molina naye aliunda rimu na matairi mapana zaidi kwa ajili ya safari za mchangani.

Ilikuwa mwaka 2005 ambapo kampuni ya Surly ya jimbo la Minnesota ilileta sokoni baiskeli ya Pugsley, yenye matairi ya inchi 3.7. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kununua dukani chombo ambacho awali kiliundwa na mafundi wachache katika karakana zao. Kwa maneno mengine, baiskeli hii ilizaliwa na watu ambao hapa Kenya wangeitwa mafundi wa jua kali.

Siri ya tairi nene

Siri yake ni shinikizo dogo la hewa. Chukua mfano wa gurudumu linalobeba uzito wa kilo 40. Likijazwa upepo wa ratili 40 kwa kila inchi mraba, sehemu ya tairi inayogusa ardhi huwa takriban sentimita 14 za mraba. Upepo ukipunguzwa hadi ratili 8, sehemu hiyo hupanuka hadi takriban sentimita 71 za mraba, yaani mara tano. Uzito ule ule hutawanywa juu ya eneo kubwa, na gurudumu huelea juu ya mchanga au theluji badala ya kuzama.

Tairi jembamba haliwezi kupunguzwa upepo kiasi hicho, kwa sababu rimu ingegonga mawe na kupondeka. Tairi nene lina kina cha kutosha cha kuikinga rimu.

Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. Juu ya lami, tairi lenye upepo mdogo huburuta na kumchosha mwendeshaji. Upepo ukizidi, nalo hudundadunda kama mpira. Aidha, si kila tope linashindwa na tairi nene. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Maasai Mara, hunata kwenye tairi lolote, na tairi pana huubeba mwingi zaidi hadi gurudumu likakwama kwenye fremu.

Hesabu za uzito

Uzito ndio adui mkubwa wa baiskeli hizi. Baiskeli ya alumini ya matairi manene huwa na uzito wa kilo 14 hadi 16, na zile za chuma cha bei nafuu huzidi hapo. Baiskeli za mashindano zilizoundwa kwa nyuzi za kaboni hushuka hadi kilo 10 au 12. Kwa kulinganisha, UCI, chama cha kimataifa kinachosimamia mchezo huu, tangu mwaka 2000 kimeweka kilo 6.8 kuwa uzito wa chini kabisa wa baiskeli za mashindano ya barabarani.

Je, kilo tano zina uzito gani kwa mshindani? Akipanda vilima vyenye jumla ya mita 500 kwenda juu, kilo tano za ziada humdai nguvu ya takriban jouli 24,500. Kwa mwanamichezo anayezalisha wati 250, hiyo ni kazi ya sekunde 98 hivi. Mashindano mengi huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Gramu zilizo kwenye ukingo wa gurudumu zina madhara ya ziada. Kila mara mwendeshaji anapoongeza kasi, uzito huo husukumwa mbele na pia kuzungushwa, hivyo humgharimu karibu maradufu ya uzito ulio kwenye fremu. Ndiyo maana waundaji huanza kupunguza uzito katika magurudumu kabla ya kugusa sehemu nyingine.

Kazi hiyo hufanywa kwa njia tatu. Kwanza, rimu hutobolewa matundu makubwa kati ya spoki, kisha utepe mwepesi hufunika matundu hayo kwa ndani. Pili, tyubu huondolewa. Tyubu ya tairi nene huweza kufikia gramu 400 au zaidi, na mahali pake hutiwa maji ya mpira yapatayo gramu 100 hadi 150, ambayo pia huziba matundu ya miiba. Tatu, huchaguliwa tairi lenye nyuzi nyembamba za kitambaa, ingawa tairi kama hilo huchanika upesi kwenye mawe. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hizi kilo moja au zaidi huondoka bila fremu kuguswa.

Fremu na vipimo vyake

Tairi pana hubadilisha vipimo vyote vya baiskeli. Tairi la milimita 100 huhitaji nafasi ya milimita 115 hivi kati ya mabomba ya nyuma, ili tope lipate pa kupitia. Bomba linaloshika mhimili wa pedali, ambalo katika baiskeli ya milimani huwa na upana wa milimita 68 au 73, hupanuliwa hadi 100 au zaidi. Kitovu cha gurudumu la nyuma huongezwa kutoka milimita 135 hadi 170, 177, 190 au hata 197. Bila hivyo mnyororo utasugua tairi.

Pugsley ya mwaka 2005 ilitatua jambo hilo kwa ujanja mwingine. Badala ya kutengeneza kitovu kipya, waundaji walitumia kile cha kawaida cha milimita 135, wakayasogeza mabomba ya nyuma upande mmoja kwa milimita 17.5, kisha wakafunga rimu kwa spoki zilizoegemea upande ili gurudumu lirudi katikati. Uma wa mbele nao ulitumia kipimo hicho hicho cha milimita 135. Mbinu hiyo inamfaa sana fundi asiye na uwezo wa kuagiza vipuri maalumu kutoka ng'ambo.

Kuhusu malighafi, chuma cha kromoli hupendwa kwa kuwa mabomba yake huweza kuwa membamba sana bila kupoteza nguvu. Alumini ni nyepesi lakini huchoka mapema. Nyuzi za kaboni ndizo nyepesi kuliko zote, na ndizo ghali. Katika nchi za Uganda na Ghana, mafundi wameunda fremu za baiskeli kwa mianzi, mmea ambao humeaa pia katika maeneo mengi ya Kenya.

Fundi wa mtaani na mipaka yake

Fundi mwenye mashine ya kulehemu anaweza kuunganisha rimu mbili kama walivyofanya wenzake wa Alaska. Anaweza pia kuunda upya sehemu ya nyuma ya fremu ya chuma. Lakini kuna mipaka ambayo kuivuka ni kuhatarisha maisha.

Mabomba mazito ya madirisha na milango hayafai, kwani uzito wake huifuta faida yote iliyokusudiwa. Mabomba membamba ya kromoli nayo hutobolewa kwa urahisi na umeme wa mashine ya kawaida, na mafundi wengi wa fremu huyaunganisha kwa shaba nyeupe au kwa mashine za moto mdogo. Fremu ya alumini iliyopasuka haipaswi kulehemiwa na kurudishwa njiani vivi hivi, kwa sababu joto huondoa ugumu wa madini hayo pale panapolehemiwa.

Uma wa mbele ndio wa kuangaliwa zaidi. Bomba la nyuma likivunjika, mwendeshaji huweza kusimama. Uma ukivunjika, huanguka kwa uso. Breki nazo lazima ziwe za sahani, kwani zile za kubana rimu hazina upana wa kulipita tairi nene.

Mashindano

Mashindano makubwa ya baiskeli hizi bado yako katika nchi za baridi. Iditarod Trail Invitational huko Alaska lina safari ya maili 350 na nyingine ya maili 1,000. Arrowhead 135 la Minnesota, lililoanza mwaka 2005, ni la maili 135 katikati ya majira ya baridi. Huko mshindani hulazimika kubeba begi la kulalia, jiko dogo na taa, kwa kuwa pancha moja katika baridi kali yaweza kumuua.

Mshindani hodari hurekebisha upepo njiani. Theluji au mchanga ukilegea, hutoa hewa kidogo. Njia ikiwa ngumu, hupiga pampu. Wanaoshindana katika fuo za Uholanzi, kwa upande wao, huchagua matairi ya wastani, kwa sababu maji yakipwa mchanga uliolowa huwa mgumu. Funzo ni kwamba tairi nene hushinda pale tu ardhi inapokuwa laini.

Hapa Kenya, mashindano yaliyopata sifa ni ya milimani na ya changarawe. Migration Gravel Race lilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, likiwa na hatua nne na takriban kilomita 650. Washindani wake hutumia matairi ya wastani, kwani changarawe ngumu huhitaji kasi kuliko kuelea. Baiskeli za matairi manene zingefaa zaidi michanga ya Lamu, fuo za Diani au jangwa la Chalbi.

Vijana wa magharibi mwa Nairobi

Kilomita chache kutoka Waithaka, upande wa Kikuyu, kuna kijiji cha Mai-a-Ihii. Hapo ndipo David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, alipoanzisha kundi la Safari Simbaz, ambalo huwafundisha vijana kuendesha na kukarabati baiskeli. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Wawili hao waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006. Baadaye Froome alianza kuiwakilisha Uingereza na kushinda Tour de France katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017.

Swali ambalo limebaki ni kwa nini vijana waliofundishwa katika vilima hivyo hivyo, wenye mapafu yaliyozoea hewa ya milimani, hawakufika alikofika Froome. Sehemu ya jibu ni chombo. Wengi wao walianza kwa baiskeli za mitumba au Black Mamba, ile ya chuma inayobeba maziwa, makaa na abiria, ambayo hukaribia kilo 20. Baiskeli ya mashindano, ikijumlishwa nauli ya meli na kodi, ni mzigo usiobebeka kwa familia nyingi. Kijana huyo hapungukiwi miguu. Anapungukiwa kilo kumi za chuma ambazo hana fedha za kuziondoa.

Mwaka 2022 Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 27 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Kangangi alikuwa miongoni mwa waliopigania nafasi ya Waafrika Mashariki katika mchezo huu. Kifo chake kilikumbusha kwamba mchezo huu una hatari hata kwa waliobobea, na kwamba kofia ngumu, breki imara na fremu iliyokaguliwa ni vya lazima.

Kwa fundi wa Waithaka anayetaka kujaribu, basi, utaratibu ni huu: aanze na magurudumu, atumie kitovu cha kawaida, aache nafasi ya tope, na uma wa mbele aununue uliokwisha kupimwa badala ya kuulehemu mwenyewe. Kazi ikikamilika, baiskeli ijaribiwe kwanza kwa magunia ya mchanga, kabla ya mtoto wa mtu kuipanda.