Mapokeo Mikononi mwa Wahuni: Kuinuka kwa Bendi ya The Pogues

UTANGULIZI

Wanapokutana wahakiki wa fasihi simulizi, swali moja halikosi kuzuka: nani mwenye mapokeo? Wapo wanaosema mapokeo ni mali ya wazee, na kijana anayetaka kuyagusa hana budi kunawa mikono kwanza. Wapo wanaosema ni ya yeyote anayeyatumia. Katika makala haya ninalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya The Pogues, bendi iliyozaliwa London mwaka 1982 ikachanganya muziki wa asili wa Ireland na muziki wa panki. Ninaposema panki simaanishi ule mkato wa nywele tunaoujua sote, bali muziki wa vijana wa Uingereza uliolipuka mwaka 1976: wa haraka, wenye kelele, na usiomtaka mtu awe fundi ndipo apande jukwaani. Hoja yangu ni kwamba vijana hawa walioitwa wahuni hawakuyaharibu mapokeo. Waliyarudisha yalikotoka.

CHIMBUKO

Hatuwezi kuielewa bendi hii bila kuielewa historia ya uhamaji wa Waairishi. Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Waliobaki Uingereza walichimba mifereji, wakatandika reli, wakabeba matofali. Nyimbo zao walikwenda nazo. Kwa hiyo wimbo wa Kiairishi ulioimbwa London haukuwa mgeni aliyefika juzi. Ulikuwa mpangaji wa siku nyingi.

Miaka ya 1970 hali ilikuwa ngumu zaidi. Vita vya Ireland ya Kaskazini vilivuka bahari, na mabomu ya IRA yakaua raia katika miji ya Uingereza. Mwaka 1974 Bunge la London lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kushikiliwa hadi siku saba bila kufunguliwa mashtaka. Kuwa na lafudhi ya Kiairishi tu kulitosha kukutilia shaka. Wazazi wengi waliwafundisha watoto wao kunyamaza. Sasa fikiria, katika mazingira hayo, kijana asimame jukwaani London aimbe Uairishi wake kwa sauti ya kukwaruza. Hilo halikuwa jambo dogo, bwana!

Kijana mwenyewe ni Shane MacGowan. Alizaliwa Kent, Uingereza, siku ya Krismasi mwaka 1957, wazazi wake wakiwa Waairishi. Sehemu ya utoto wake aliishi Tipperary kwa ndugu za mama yake, nyumbani palipojaa nyimbo na hadithi. Alipata nafasi ya kusomeshwa bure katika shule ya kifahari ya Westminster, akafukuzwa kwa sababu ya dawa za kulevya. Mwaka 1976 picha yake, sikio likivuja damu kwenye onyesho la The Clash, ilitoka magazetini. Baadaye akawa na bendi yake ya panki, The Nips.

Mwaka 1982 yeye na Spider Stacy, Jem Finer na James Fearnley walianza kupiga katika baa za King's Cross kwa jina la Pogue Mahone. Jina hilo ni tusi la Kiairishi lililoandikwa kwa matamshi ya Kiingereza. Maana yake ni "nibusu matakoni". Kwa muda Waingereza hawakugundua kitu. Walipogundua, malalamiko yakafika BBC, na mwaka 1984 jina likakatwa likabaki The Pogues. Mtu wa fasihi hawezi kulipita tusi hili kimyakimya: lugha iliyodharauliwa ilikuwa ikimtukana bwana mkubwa mbele ya uso wake, naye anapiga makofi.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Bendi yenyewe haikuwa ya Waairishi watupu. Finer na Fearnley ni Waingereza. Stacy ni Mwingereza. Cait O'Riordan, mpiga gitaa la besi, alizaliwa Nigeria. Philip Chevron, aliyejiunga baadaye, ndiye Mwairishi wa Dublin hasa, naye alitoka katika bendi ya panki. Basi anayedai kwamba mapokeo hurithiwa kwa damu atapata shida hapa.

FANI

Wengi husema The Pogues walichanganya vitu viwili visivyofanana. Mimi naona vilifanana tangu mwanzo. Ngoma za asili za Ireland huchezwa kwa kasi, muziki ukirudiwarudiwa mpaka mchezaji atoe jasho. Panki nayo ni kasi na jasho. Nyimbo zote mbili hutegemea sauti chache za msingi, na zote mbili humtaka msikilizaji aingie, asikae pembeni kama mgeni rasmi.

Ala walizotumia ni banjo, kodiani, filimbi ya bati, gitaa na ngoma. Lakini Stacy, asipopiga filimbi, alichukua sinia la bia akajigonga nalo kichwani kwa mapigo. Kwa wanamapokeo huu ulikuwa wazimu mtupu. Kwangu mimi ni kielelezo cha fani: chombo cha baa kimefanywa ala, kwa sababu muziki wenyewe ni wa baa.

Albamu yao ya kwanza, Red Roses for Me, ilitoka mwaka 1984. Ya pili, Rum Sodomy & the Lash, ilitoka mwaka 1985 ikitayarishwa na Elvis Costello. Jalada lake lilitumia mchoro maarufu wa Géricault wa watu waliovunjikiwa na meli wakielea juu ya chelezo, nyuso za wanabendi zikiwekwa mahali pa zile za asili. Jalada hilo peke yake ni hoja: hawa nao ni manusura wa meli.

MAUDHUI

MacGowan aliwapa sauti watu wasiokuwa na msemaji. Katika The Old Main Drag tunakutana na kijana wa miaka 16 aliyekuja London akaishia kuuza mwili na kupigwa na polisi. Katika A Pair of Brown Eyes kijana mlevi yuko baa, na mzee anamsimulia vita. Angalia ufundi: hadithi iko ndani ya hadithi, kama masimulizi ya jioni, ila badala ya moto wa kuni kuna sanduku la santuri. Mwanzoni kijana anamchukia mzee. Mwishoni majonzi ya wawili hao yamekuwa moja. Hata shujaa wa kale Cúchulainn, katika The Sick Bed of Cúchulainn, analetwa kwenye kitanda cha mlevi. Kwa mtungaji huyu tendi na mitaro vinakaa nyumba moja.

Siasa nazo hazikukosekana. Mwaka 1988, katika albamu ya If I Should Fall from Grace with God, waliimba juu ya watu sita waliofungwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham yaliyoua watu 21. Wimbo ulisema hawana hatia. Mwaka huohuo mamlaka ya redio na televisheni za kibiashara ilipiga marufuku wimbo huo usirushwe hewani. Machi 1991 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru watu hao sita. Kumbe walevi walikuwa wameona yale ambayo majaji walikataa kuyaona kwa miaka 16!

Wimbo wao unaojulikana zaidi, Fairytale of New York wa mwaka 1987, MacGowan aliuimba na Kirsty MacColl. Ni majibizano ya mume na mke wahamiaji waliofilisika kwa ndoto, wakitukanana usiku wa Krismasi. Ulifika nafasi ya kwanza Ireland na ya pili Uingereza. Baba yake Kirsty, Ewan MacColl, ndiye aliyetunga Dirty Old Town, wimbo ambao The Pogues walikuwa wameurekodi mwaka 1985. Na wimbo huo, ambao wengi hudhani ni wa Ireland, unahusu mji wa Salford, Uingereza. Mapokeo ndivyo yalivyo: yanaokota, yanameza, yanasahau aliyeyapa.

KASORO

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa za harusini. Magazeti ya Uingereza ya karne ya 19 yalimchora Mwairishi kama nyani mlevi. Je, MacGowan hakuwapa picha ileile kwa hiari yake? Baadhi ya wapigaji wa asili wa Ireland waliliona hilo wakawalaani hadharani. Lawama yao siipuuzi. Ninachosema ni kwamba katika tungo, ulevi una sababu na una gharama. Jukwaani ukageuka tamasha, na wapo waliokwenda kutazama kama mwimbaji atasimama au ataanguka. Gharama ilifika: mwaka 1991, wakiwa ziarani Japani, wenzake walimwondoa. Bendi ikaendelea bila yeye hadi 1996, lakini kalamu ilikwisha ondoka. Waliungana tena mwaka 2001, wakapiga nyimbo zilezile hadi 2014. Kasoro nyingine ni uchache wa sauti za wanawake, hasa baada ya O'Riordan kuondoka mwaka 1986.

HITIMISHO

Wazee wenyewe walitoa hukumu mapema. Mwaka 1987 The Dubliners, magwiji waliokuwa wakiimba nyimbo za asili tangu 1962, waliingia studio pamoja na vijana hawa kurekodi The Irish Rover. Bendi kama Dropkick Murphys na Flogging Molly, zilizozuka Marekani miaka ya 1990, zimepita njia waliyoifyeka The Pogues.

MacGowan alifariki Dublin tarehe 30 Novemba 2023. Misa yake ilifanyika Nenagh, Tipperary, na Rais wa Ireland alihudhuria. Wimbo wa wale wanandoa wanaotukanana ulipigwa kanisani, na waombolezaji wakainuka wakacheza kando ya jeneza. Mapokeo yaliyokufa hayachezwi msibani. Mtoto aliyezaliwa Kent, akakulia London, akaimba na Waingereza, aliagwa kama mwenye nyumba.